Atakayemwosha Yasmini

Niseme hili kwanza, na nililisema mbele ya kamati ya nidhamu mpaka wakaniambia nikae chini: zile figo zilikuwa za mbuzi. Nilizinunua mimi, Honorata, kwa mchinjaji wa soko la Mwanga, Jumatano asubuhi, mbili, zikiwa bado na mafuta yake. Kipindi kilipokwisha tulizichoma nyuma ya bweni kwa chumvi na pilipili, tukazila. Hapo ndipo tulipokosea, maana siku ya kuonyesha ushahidi ilipofika, ushahidi tulikuwa tumeshaumeza.

Lakini habari hii si yangu. Ni ya Ikram, rafiki yangu, ambaye mjini kwetu bado wapo wanaomwita muuza figo, nami kila nikisikia hivyo damu inanichemka. Basi wacha nieleze ilivyokuwa, mwanzo hadi mwisho, na anayetaka kubisha aje abishane nami.

Ikram ni mtoto wa Ujiji, mtaa wa Buzebazeba. Ni mfupi, mwembamba, na sauti yake hailingani kabisa na mwili wake. Tulikutana mwaka wa kwanza katika chuo cha afya tunachosomea utabibu, tukigombania kiti kimoja cha mbele darasani. Mimi ni Muha wa Simbo, Mkatoliki, na nilidhani nina mdomo. Alinishinda. Kile kiti alikikalia yeye mwaka mzima, nami nikakaa nyuma yake nikimchungulia madaftari.

Ana kaka yake, Nuhu, fundi wa injini za boti pale Kibirizi. Akiwa na miaka ishirini na saba, figo zake zote mbili zilichoka. Tangu hapo maisha yake yakawa ya mashine: mara tatu kwa wiki anakwenda kusafishwa damu, anarudi amechoka kama mtu aliyeshusha magunia bandarini, analala, anaamka, siku ya mashine imefika tena. Ikram aliposikia kwamba ndugu mzima wa afya anaweza kutoa figo moja na akaendelea kuishi na ile iliyobaki, hakungoja kuombwa. Alikwenda hospitali, akakunja mkono wa gauni, akamwambia nesi achukue damu anayotaka. Majibu yakatoka: Nuhu ni kundi O, yeye ni B. Figo yake haimfai kaka yake.

Alilia siku moja. Siku ya pili alikasirika, na hasira ile hajaimaliza mpaka leo.

"Sawa," aliniambia. "Yangu imekataliwa. Lakini katika mkoa huu kuna wangapi ambao zao zingefaa, na hawajui hata kama jambo hili lipo?"

Ndipo alipoanza kazi ya kujitolea. Tulikuwa watano, bila fulana, bila spika, bila barua ya mfadhili. Jumatano alasiri, siku ambayo vyuo vingi hapa mjini vina michezo, tulikwenda chuo hiki au kile kuomba nusu saa. Ikram alisimama mbele akaeleza: figo ni nini, zinaharibika vipi, nani anaruhusiwa kutoa, nani haruhusiwi, na kwamba figo haiuzwi wala hainunuliwi, na anayekuja kwako na bei ni mhalifu. Wengine walisikiliza. Wengine walicheka. Mmoja aliwahi kuuliza kama mtu mwenye figo moja anaweza kunywa bia moja tu. Ikram alimjibu kwamba mwenye figo mbili ndiye anayezitesa.

Na nyumbani kwao kulikuwa na tumaini. Dada yao mkubwa, Yasmini, aliyeolewa Kagunga, kule mpakani mwa Burundi, alipimwa akakutwa ni O. Yasmini ana watoto wanne, mikono mipana, na maneno machache. Alimwambia Nuhu, "Nitakupa," basi. Wakaanza kupanga safari ya Dodoma kwa vipimo vilivyobaki na upasuaji wenyewe.

Sasa ile Jumatano. Tulialikwa chuo kimoja cha ualimu, na Ikram akasema amechoka kuchora ubaoni, watu wanataka kuona. Nikanunua zile figo. Tukazitia kwenye deli, lile boksi la barafu ambamo jirani yake hupakia samaki wa migebuka. Ikram akavaa koti jeupe la mazoezi na glovu, akafungua deli, akainua figo moja juu ili hata waliokaa nyuma waone. Mtu akapiga picha. Mpaka tunafika bwenini na kuwasha jiko, picha ilikuwa imeshazunguka Gungu na Mwanga, na chini yake mtu mwenye muda wa kuchezea ameandika: "Binti wa Ujiji akamatwa na mafigo ya watu." Hakukuwa na polisi pichani, hakukuwa na pingu. Neno "akamatwa" lilitosha.

Nilirudi kwa mchinjaji nikamwomba aje aseme aliniuzia nini. Aliinamia gogo lake la kukatia nyama, akasema wateja ni wengi, hakumbuki. Huyo ni mtu ambaye siku zote huniita "Mtoto wa Simbo" nikiwa bado ng'ambo ya barabara.

Wazazi wakaanza kupiga simu chuoni kwetu. Mwalimu Castory, mlezi wa wanafunzi, si mtu mbaya, ila ni mtu anayeogopa simu. Kamati ya nidhamu ikaketi. Nilisema niliyoyasema, nikakalishwa. Kisha Mwalimu Castory akamsogezea Ikram karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilikuwa barua ya kuomba radhi kwa kuleta taharuki na "kushughulika na viungo vya binadamu bila kibali", na ahadi ya kutolizungumzia tena jambo hilo katika chuo chochote.

"Weka sahihi tu, binti yangu," alisema. "Tutaibandika ubaoni, tutairusha kwenye yale makundi ya simu, watu watatulia, utaendelea na masomo yako."

Ikram aliisoma yote. Aliisoma mara ya pili.

"Mwalimu, hapa pameandikwa viungo vya binadamu."

"Ni namna ya kuandika."

"Nina shemeji Kagunga," Ikram akasema. "Karatasi hii itamfikia kesho. Atamwambia dada yangu, 'Unaona? Amekiri mwenyewe.' Na dada yangu asipokwenda Dodoma, kaka yangu anakufa. Mwalimu, mimi siweki sahihi."

"Ikram, usipoweka sahihi utasimamishwa muhula mzima."

"Nisimamishwe."

Alisimama, akasukuma kiti chake mahali pake vizuri, akatoka. Nikueleze kabisa ili usibaki unajiuliza: muhula ule aliupoteza kweli, na barua ile hakuitia hata herufi moja. Leo yuko nyuma yangu kimasomo, naye ndiye aliyenifundisha nusu ya ninayoyajua. Mimi nikiwaza hivyo naona aibu kwa niaba ya watu wazima.

Lakini kukataa barua hakukusaidia kitu. Picha ilikuwa imefika Kagunga kabla yetu. Yasmini akapiga simu kwa Nuhu, akasema safari isimame kwanza, akakata.

Tulipanda boti ya abiria Jumamosi asubuhi pale Kibirizi: Ikram, mimi, na bibi yao mzaa mama, Bi Hidaya, ambaye hakuna aliyemwalika. Alikuja na mkeka wake, akakaa. Bi Hidaya ndiye aliyewalea wote watatu baada ya mama yao kufariki. Ujiji wanamfahamu kwa kazi moja: ni mwosha. Mwanamke wa Kiislamu akifa katika mitaa ile, Bi Hidaya ndiye anayeitwa kuosha maiti na kuivisha sanda, na amefanya hivyo miaka arobaini. Kazi hiyo ina sharti ambalo hata mimi Mkatoliki nilikuwa nalijua: mwosha hasemi alichokiona. Awe ameona kovu, kilema, alama ya kipigo, chochote kile, anakizika pamoja na mwenyewe.

Kagunga ni nyumba zilizobanwa kati ya mlima na maji. Jumanne, mume wa Yasmini, alitupokea kwa adabu zote, "Shikamoo Bibi", viti vikatolewa, ugali wa muhogo na samaki wa kuhe vikaletwa. Tulipomaliza kunawa akatoa simu yake.

"Shemeji, mimi sina ugomvi na wewe," alimwambia Ikram. "Lakini hii niifanyeje? Yewe, hata Warundi wa sokoni wananiuliza mke wangu anapelekwa kwa nani."

Ikram akaeleza habari ya mbuzi. Nikaongeza habari ya pilipili. Jumanne akacheka kidogo, bila kutaka. Ikram akaona mlango umefunguka, akatoa karatasi zake, akaanza: watoaji wangapi wanaishi miaka mingapi, daktari anapima nini, mshono unapona baada ya muda gani. Alikuwa anasema kama yuko mbele ya ukumbi. Yasmini alimwacha mpaka akavuta pumzi.

"Ikram, weka karatasi zako," alisema. "Kisu sikiogopi. Nimezaa wanne humu ndani, mmoja alitanguliza miguu. Maumivu nayajua."

"Sasa unaogopa nini, Dada?"

Yasmini aliangalia mikono yake.

"Siku ya kufa kwangu. Sisemi leo. Siku yoyote, hata nikiwa mzee. Wanawake wa hapa wataniosha. Watanigeuza upande, watauona mshono hapa." Aligusa ubavu wake. "Na wote wameiona hiyo picha. Nani atanyamaza? Watatoka nje waseme, ni kweli, yule aliuzwa, tumeona palipokatwa. Watoto wangu watalibeba hilo jina. Nami sitakuwepo kujibu."

Tulikuwa tumetembea vyuo sita tukijibu maswali ya bia na ya ndoa, na hili hakuna aliyewahi kutuuliza. Watu hawaulizi wanachokiogopa kweli.

"Nitakuosha mimi," Bi Hidaya akasema kutoka mkekani.

Yasmini akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Bibi, una miaka sabini na nane. Wewe ndiye utaoshwa na sisi."

"Hilo nalo kweli," Bi Hidaya akakubali.

"Basi nitakuosha mimi," Ikram akasema.

Sote tukamgeukia. Bi Hidaya alimtazama mjukuu wake kwa jicho ambalo nisingependa kutazamwa nalo.

"Wewe? Miaka mitano nakuomba uje ujifunze, nipate wa kumwachia kazi hii. Unanijibu umesomea wanaopumua."

"Nimesema nitamwosha."

Yasmini akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na ndiyo maana maneno yake yaliuma zaidi. "Unasema leo kwa sababu unataka figo, mdogo wangu. Kesho ukiipata utakuwa daktari Dar es Salaam, na mimi nitakuwa hapa na ubavu wangu. Nipe muda."

Nuhu hakuwa na muda wa kumpa mtu. Hilo tulilijua sote, na boti iliporudi kusini tukipita Gombe hakuna aliyelitamka. Tulipokaribia Kibirizi, Ikram alimgeukia bibi yake.

"Bibi, nifundishe."

"Kwa ajili ya figo?"

"Kwa ajili ya Yasmini. Figo ni ya Nuhu."

Kesho yake saa tatu asubuhi Bi Hidaya alitandika mkeka uani. Na kwa kuwa mtu hafundishwi kazi ile kwa mdomo, alihitaji maiti. Maiti nikawa mimi. Siku tatu, mimi Honorata wa Simbo, niliyepata kipaimara, nililala mkekani Buzebazeba nikageuzwa kulia, nikageuzwa kushoto, nikafunikwa kitambaa kutoka kitovuni hadi magotini, nikaonyeshwa jinsi mkono wa mwosha unavyopita chini ya kitambaa bila kukifunua. Nilipokohoa Bi Hidaya alinipiga kibao cha mguu. "Maiti hakohoi." Nilipocheka alisema bora nimalize kabisa kufa kuliko kumharibia kazi. Alimfundisha Ikram maji ya majani ya mkunazi, maji ya kafuri, sanda vipande vitano vya mwanamke, kipi kinatangulia. Zaidi ya yote alimfundisha uso. Mwosha haruhusiwi kushtuka.

"Ukishtuka umeshasema," alimwambia. "Mdomo haujafunguka na tayari umesema."

Wiki ya pili Nuhu alianza kuvimba miguu. Spana zikawa nzito kwake. Alikaa kizingitini pa karakana akiwaelekeza wenzake kwa kidole. Yasmini akashuka kutoka Kagunga na Jumanne kuja kumwona. Alikaa pembeni ya kitanda, akamkanda miguu, akamlisha uji. Kuhusu Dodoma hakusema lolote. Ikram naye hakumuuliza, na kwa mtu mwenye mdomo ule, nadhani hilo ndilo jambo gumu kuliko yote aliyoyafanya.

Siku ya tatu ya ugeni wao, Bi Asia, mjane wa nyumba ya nne kutoka kwa kina Ikram, alifariki alfajiri. Saa nne asubuhi Bi Hidaya aliitwa. Alichukua mfuko wake, akamwambia Ikram achukue ndoo. Yasmini alifuata nyuma na wanawake wengine wa mtaa, na mimi nikafuata kwa sababu siwezi kukaa nyumbani kunapotokea jambo.

Mlangoni tulizuiwa. Mkwe wa marehemu, mwanamke wa makamo, alinyoosha mkono mbele ya Ikram.

"Bi Hidaya, wewe karibu. Huyu abaki nje. Msichana hajaolewa, na zile habari zake za mafigo tumezisikia. Mama yetu hataguswa na huyu."

Nilimwona Yasmini kati ya wale wanawake, khanga imemfunika mpaka machoni.

"Magoti yangu hayakunjiki tena," Bi Hidaya alisema taratibu. "Anayenigeuzia ni huyu. Kama hamumtaki, maji yapo kisimani, kaosheni wenyewe. Mimi nikanywe chai."

Na kweli aligeuka. Ikram hakugeuka. Alisimama palepale na ndoo yake.

"Mama, poleni na msiba," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilikuwa ndogo. "Ile picha ilikuwa ya figo ya mbuzi. Niliinua juu watu waione, na hata sasa siombi radhi kwa hilo. Lakini hapa sikuja kuonyesha watu kitu. Nimekuja kumwosha Bi Asia. Ukiona nimekosea hatua moja, nitoe kwa mikono yako."

Yule mkwe aliangalia ua, akaangalia jua, ambalo lilikuwa linapanda. Maiti haingoji mashauri. Akashusha mkono.

Pazia likafungwa. Tuliobaki nje tulisikia maji yakimwagika, yakatulia, yakamwagika tena. Harufu ya kafuri ikatoka. Kitu kingine sikukisikia. Walikaa humo karibu saa nzima, kisha pazia likafunguliwa, na Bi Asia alikuwa amefungwa vizuri katika sanda nyeupe, na yule mkwe ambaye muda wote alikuwa ndani akisimamia alitoka akaketi chini bila neno baya.

Ikram alikuja kunawa pale nilipokuwa, nyuma ya jiko. Uso wake ulikuwa mtupu. Sasa, mimi nimejaliwa vitu vingi, ila si ulimi wa kutulia. Bi Asia miaka ya nyuma alisemwa sana mtaani, kwamba mumewe alimfanyia hivi, kwamba ana alama vile. Nikamsogelea rafiki yangu nikamnong'oneza.

"Eh, niambie basi. Ulimkutaje? Yale wanayosema ni kweli?"

Ikram aliendelea kunawa.

"Kulikuwa na maji," alisema.

"Ikram, ni mimi. Honorata."

"Na sabuni."

"Sitamwambia mtu, haki ya Mungu."

"Honorata," alisema, akafunga bomba. "Nimekuambia kulichokuwepo."

Niliona uchungu, sikatai. Tumekula sahani moja miaka miwili. Nikageuka niondoke na hasira zangu, na ndipo nilipomwona Yasmini. Alikuwa amesimama pembeni ya kuni, na alikuwa amesikia yote. Ile khanga ilikuwa imeshuka mabegani.

"Ikram," alisema. "Nikienda Dodoma, siku yangu ikifika, utakuwa wewe?"

"Ni mimi, Dada. Popote nitakapokuwa, nitakuja. Ukitangulia."

"Na usipokuja?"

"Nitakuwa nimekufa kabla yako. Basi tuombe nisife."

Yasmini alikubali kwa kichwa, akavuka ua mpaka alipokaa Jumanne na wanaume, jambo ambalo wanawake hawalifanyi msibani, akasimama mbele yake. "Mimi nakwenda kumpa kaka yangu figo," alisema, kila mtu akisikia. "Ukitaka kunisindikiza, twende. Usipotaka, watoto wamebaki kwa mama yako, utawakuta." Jumanne alitazama kushoto na kulia, akaona hakuna wa kumwokoa. Alisema atabeba mabegi.

Waliondoka na treni: Nuhu, Yasmini, Jumanne na Ikram. Yaliyotokea huko alinisimulia Yasmini mwenyewe, na kwa kuwa hana tabia ya kuongeza chumvi, naamini kila neno.

Kabla ya upasuaji huwa wanamwita mtoaji peke yake. Mgonjwa hayupo, mume hayupo, ndugu hawapo. Wanataka kujua kama anatoa kwa hiari yake. Daktari alikuwa mama mtu mzima, miwani ameipandisha kwenye nywele, na nesi mmoja akiandika.

"Kuna mtu amekulazimisha?"

"Hapana."

"Kuna mtu amekutisha?"

"Hapana."

"Kuna mtu yeyote amekuahidi kitu chochote ukitoa figo hii?"

Mwingine yeyote angesema hapana akaondoka. Ila Yasmini aliulizwa swali, na swali lilikuwa na jibu.

"Ndiyo," alisema.

Nesi akaacha kuandika. Daktari akashusha miwani machoni.

"Nani?"

"Mdogo wangu wa kike."

"Amekuahidi nini?"

"Kwamba nikifa, ataniosha yeye."

Daktari akamwomba aeleze, Yasmini akaeleza: Kagunga, picha, wanawake watakaouona mshono, watoto wake. Daktari akauliza, bila ahadi hiyo angekuja? Yasmini akasema asingekuja. Nesi akamtazama daktari. Daktari akasema kwa upole kwamba hapo kuna tatizo, maana sheria haitaki mtoaji apokee kitu.

"Daktari," Yasmini akamwambia, "wewe utaoshwa na nani?"

Yule mama alisema Ikram aitwe.

Ikram aliingia hajui kilichosemwa. Alidhani vipimo vimekataa. Daktari akamuuliza kama ni kweli amemwahidi dada yake kumwosha. Akasema ni kweli.

"Na akibadili mawazo sasa hivi? Akisema figo hatoi, arudi kwake?"

Ikram alimwangalia Yasmini. Chumba cha tatu kutoka pale Nuhu alikuwa amelala, miguu imevimba, anangoja. Alijua jibu lake litaandikwa, na hakujua lipi lingemwokoa kaka yake na lipi lingemuua.

"Nitamwosha vilevile," alisema. "Ni dada yangu."

Daktari akamwambia nesi, "Andika: ahadi haitegemei figo," akageuza karatasi, akampa Yasmini kalamu.

Waliwapasua Alhamisi, wote wawili asubuhi moja. Daktari aliwaambia baadaye kwamba figo ya Yasmini ilianza kutoa mkojo ndani ya Nuhu kabla hawajamaliza kushona. Ikram aliposikia neno mkojo alikaa chini kwenye sakafu ya ukumbi wa hospitali akalia mbele za watu, na Jumanne, ambaye hajui la kufanya na mwanamke anayelia, alimpa begi alishike.

Jioni walimruhusu kuingia kwa Yasmini. Alikuwa amelala chali, midomo mikavu, mkono juu ya ule ubavu. Ikram akasogea taratibu, akajitengeneza uso kama Bi Hidaya alivyomfundisha, asishtuke, asionyeshe kitu. Yasmini akafungua jicho moja, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Toa huo uso hapa," alisema. "Zamu yako bado."